Mtoto wa Bura

Jumatatu moja mwezi uliopita Sanna aliniandikia kwenye simu kwamba mormor amefariki, yaani bibi yake mzaa mama, na kwamba angependa mimi niandike wasifu wa marehemu na kuusoma kanisani. Aliandika Kiswidi, kama kawaida yake, akamalizia kwa Kiswahili cha kuokoteza: Anti Anasia, wewe unamjua zaidi. Chini yake aliongeza ombi moja. Alitaka nisiache kuitaja ile siku baba yake mormor aliposimama mezani mbele ya wageni, akamshika bega na kusema huyu ni mwanangu. Alisema katika maisha yote ya bibi yake hakuna jambo analolipenda kama hilo. Nilikaa na simu mkononi hapa jikoni kwangu Norsborg mpaka chai ikapoa. Siku hiyo haikuwahi kuwapo. Niliitunga mimi, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikaichomeka kwenye kitabu cha mwanamke aliyenipa chumba na chakula, na kwa zaidi ya miaka thelathini sikupata ujasiri wa kumwambia Sanna, mtoto wa wakati ule, ukweli. Sasa mtoto ana miaka arobaini na ushei. Nafuu yangu ilikuwa kwamba huku kwa Waswidi maiti hakimbizwi kaburini kama kwetu. Nilikuwa na wiki tatu.

Mwaka ule nilikuwa nimekuja kwa mafunzo ya kazi. Barua nilizotuma nyumbani zilisema nasomea lishe. Kumbe nilikuwa jikoni kwenye nyumba ya wazee kule Tumba, kofia ya plastiki kichwani, namenya viazi na kusugua masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto ndani. Kazi ilikuwa ya halali na wenzangu walikuwa watu wema, lakini mimi nilikuwa binti wa mwalimu mkuu, nimemaliza kidato cha sita, na maringo yangu hata baridi ya Januari haikuyaweza. Kwetu, mtoto akizembea masomo aliambiwa utaishia jikoni kwa watu, na hilo ndilo lilikuwa tusi la kumrudisha kwenye daftari. Sasa mimi nilikuwa nimesoma, nikavuka bahari, nikaishia jikoni kwa watu. Unaweza kucheka. Mimi sikucheka mwaka ule.

Mtu wa kanisani ndiye aliyenielekeza kwa Mama Marta, Vårby gård, ghorofa ya nne, ana chumba kitupu. Mlangoni kulikuwa na kibao kimeandikwa M. Bura. Alikuwa amewahi kuolewa na fundi Mswidi aliyekutana naye hospitali ya misheni, yeye akiwa nesi, na mume huyo alikuwa ameshafariki. Jina la mumewe hakulichukua kamwe, na mimi sikuuliza kwa nini. Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa kichotara, mwenye madoadoa puani na nywele za mvi alizozisuka mikia miwili kama msichana wa shule. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa akikutazama kwa pembeni kidogo. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililoelekea ziwani, na juu ya kitanda blanketi la sufu lenye harufu ya kabati. Siku ya kwanza nilichukua sahani yangu ya makande nikasimama nayo karibu na jiko, kwa haya ya ugeni. Akanitazama kwa pembeni, akavuta kiti kwa mguu. Akasema nyumbani kwake hakuna mtu anayekula amesimama, awe mgeni, awe mwenyeji, awe fundi wa bomba.

Sababu yake niliijua baadaye, nilipoanza kupiga chapa kitabu chake. Mama Marta alizaliwa kwenye shamba la kahawa la setla wa Kizungu, huko juu Oldeani, wakati msitu ulipokuwa bado unafyekwa. Baba yake ndiye mwenye shamba. Mama yake aliondoka shambani kabla mtoto hajajua kutembea, akaolewa mbali. Mtoto akabaki, na hakuna aliyejua pa kumweka. Ndani ya nyumba kubwa hakuruhusiwa kukaa, na kwenye kambi ya vibarua watu walimwogopa, kwa kuwa alikuwa na sura ya bwana. Basi akawa anakula amesimama kwenye stoo ya vyombo, kati ya jiko na chumba cha kulia. Alikuwa na miaka karibu sitini aliponieleza kwamba amesoma vitabu vingi vya watoto vya masetla na mashamba yao, vya Kiswidi na vya Kiingereza, na katika vyote watoto weupe wako barazani na weusi wako uani. "Mimi nilikuwa stoo," alisema. "Stoo hakuna aliyeiandika."

Ndiyo maana alikuwa anaiandika yeye. Aliandika kwa Kiswahili, kwenye madaftari ya shule, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho, na alimwandikia Sanna, mjukuu wake, aliyekuwa na miaka tisa. Mtoto wa kitabuni alimwita Paskalina. Majina yote aliyabadilisha, la shamba, la mwenye shamba, hata la mbwa. Jina moja tu aliliacha kama lilivyo, la mpishi: Bura. Na mimi, msomi wa kidato cha sita, nikipita kila siku kwenye mlango wenye jina hilohilo, sikuona kitu. Mtu akijaa maringo hata kusoma hajui.

Kila Jumamosi mchana alishuka na daftari lake kwenye chumba cha wakazi, chini ya jengo, na familia zilizojua Kiswahili zilikuja na watoto wao. Walikuja Wakenya na Watanzania, na familia moja ya Wakongo ambao kila mara walikuwa na swali. Akina mama walileta maandazi, mtu akapasha chai, kila mmoja akaongea Kiswahili cha kwao na kusahihishwa na mwenzake bila ugomvi. Mimi nilisoma kwa sauti, Mama Marta alikaa pembeni akisikiliza miguu ya watoto. Ndivyo alivyofanya kazi. Watoto wakiacha kutikisa miguu chini ya viti, sura ya kitabu ni nzuri. Miguu ikianza kuyumba, anaweka alama, na tukirudi juu anakata. Alikata kurasa nzima za maua ya kahawa bila huruma, na kurasa hizo mimi nilizipenda kuliko zote. Watoto waliuliza kwa Kiswidi, yeye akajibu kwa Kiswahili, na walielewana vizuri tu. Sura za stoo ndizo zilizonyamazisha miguu. Kuna moja ambamo Paskalina anajifunza kutambua, kwa mlio wa vijiko tu, wageni wamefika kwenye supu au kwenye nyama.

Sanna alikaa mstari wa mbele siku zote. Mama yake alikuwa nesi wa zamu. Baba yake, Mswidi, alikuwa amehamia mji mwingine na alikuwa mtu wa kuahidi kupiga simu. Siku moja tulipokuwa tunapanda ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu, aliniuliza kama mwishoni baba yake Paskalina atamkubali. Aliuliza kwa Kiswidi, bila kunitazama, akihesabu vidato. Nikamwambia tusubiri tuone. Alipofika ghorofa ya tatu akasema yeye anafikiri atamkubali, kwa kuwa kitabu kimekuwa kirefu sana. Moyo wangu uliniuma kwelikweli. Mpaka leo naisikia hiyo sauti yake kwenye ngazi.

Wiki chache baadaye Mama Marta alinipa daftari la mwisho. Macho yalikuwa yamezidi, alikuwa anasubiri kupasuliwa, hivyo asingeweza kusoma nitakachopiga chapa. Aliniambia tu, andika kama ilivyo. Nikakaa na mashine yake ya chapa ya Kiswidi, nikasoma. Ni Jumapili, kuna wageni, Paskalina ametumwa kupeleka bakuli la sukari mezani. Mgeni mmoja anauliza, huyu mtoto mzuri wa nani? Mwenye shamba hainui macho. Anasema: mtoto wa mpishi. Wageni wanacheka, kwa sababu Bura ni mweusi tii na mkewe pia. Mmoja anamwita Bura kutoka jikoni na kumwuliza kwa kejeli kama ni kweli. Bura anafuta mikono, anasema: ndiyo, ni wangu. Kitabu kinaishia hapo.

Nilikasirika. Niliona huu si mwisho, ni fedheha juu ya fedheha: mtoto amekanwa, na mtumishi amelazimishwa kusema uongo wa bwana wake. Tena mpishi! Nikamwona Sanna akihesabu ngazi. Na mimi nimelelewa kwamba aibu ya mtu hufunikwa. Msibani kwetu hata mlevi husomewa wasifu wa mtu mwenye roho ya upendo, na anayefunika husifiwa kuwa ana adabu. Basi nikafunika. Nikaandika kwamba mwenye shamba alisimama, akaweka mkono begani mwa Paskalina, akasema, huyu ni mwanangu. Bura nikamwondoa kabisa, abaki jikoni na masufuria yake. Nilipomaliza nililia kwa uzuri wa nilichoandika. Nilijiona mtu mwema sana.

Nakala zilitolewa maktabani na kubanwa kwa pini, kila familia ikapata yake. Jumamosi ya kusoma sura ya mwisho nilijidai sauti imekauka, na kumbe nilikuwa naogopa. Njeri, mama mmoja Mkenya wa huku Norsborg, akasoma badala yangu. Nilikuwa namwangalia Mama Marta. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mwenye shamba aliposimama mezani, mikono yake ilitulia juu ya mapaja na haikusogea tena. Miguu ya watoto haikutikisika hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Sanna alikumbatia nakala yake kifuani. Mama Marta akasema asanteni, akamimina chai, akauliza nani hajapata andazi. Hakunifedhehesha mbele ya watu. Sanna na mama yake waliondoka kesho yake asubuhi kuhamia Göteborg, kazi ilikuwa imepatikana huko, na mtoto akaondoka na kitabu.

Tulipobaki wawili jikoni alinivutia kiti. Nilianza kujieleza kabla hajauliza: Sanna, ngazi, simu za baba yake, aibu. Akaniacha nimalize.

"Nani alikuambia kitabu kile kinamhusu yule Mzungu?" aliuliza.

Akaniambia, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba Bura angeweza kucheka pamoja na wageni na yangeishia hapo. Hakuna aliyemlazimisha. Aliulizwa kwa dhihaka, akajibu kwa kweli. Jioni hiyohiyo alimtoa mtoto stoo, akamshika mkono mpaka kwake, na mkewe akawasogeza wanawe kitandani bila neno, mtoto akalala katikati. Kambi ilimcheka Bura miaka mingi. Akampeleka shule ya misheni kwa jina lake. "Umemsitiri mtu ambaye hakuomba sitara yako," alisema Mama Marta. "Na aliyenichukua umemfuta. Kwa sababu alikuwa mpishi, Anasia. Si kwa sababu ya Sanna." Aliyajua ya barua zangu za lishe, maana niliziandika mezani kwake nikijisomea kwa sauti. Nililia tena, safari hii si kwa uzuri.

Hakunifukuza, na hakuniwekea kinyongo. Aliniambia nizikusanye tena nakala zote, moja moja, kwa mkono wangu, na kila nyumba niseme mwenyewe nilichofanya. Nilizunguka majira yote ya masika, Vårby gård, Tumba, Norsborg, nikibisha milango. Kila nyumba iliniketisha na kuninywesha chai kwanza, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Yule baba Mkongo alisikiliza mpaka mwisho, akasema basi sasa ameelewa, kwa maana Mzungu yule alikuwa amegeuka mwema ghafla mno. Njeri alicheka akaniuliza kama nilidhani wao ni mayai ya kupasuka. Kisha nikakaa na gundi na mkasi. Nilitaka kupiga ukurasa mmoja na kutoa nakala. Mama Marta akakataa. Kila kitabu kipigwe ukurasa wake. Mara ya kwanza niliandika ndiyo, ni wangu, kwa hasira. Mara ya tano kwa uchovu. Sijui ni ya ngapi nilipoacha kuona aproni ya Bura, nikaanza kumwona yeye. Juma lile niliandika nyumbani kwamba nafanya kazi jikoni. Baba alijibu baada ya miezi miwili, akauliza kama wazee wa huko wanapenda ndizi.

Ilibaki nakala ya Sanna. Ukurasa wake niliupiga, nikaukunja, nikaandika bahasha. Siku niliyotaka kuituma ilifika kadi yake. Aliandika kwamba anasoma mwisho wa kitabu kila siku akitoka shule. Baba hajapiga simu bado, lakini hata baba yake Paskalina alichelewa. Nikarudisha bahasha kwenye sanduku langu. Nikajiambia nitaituma akikua kidogo. Mama Marta aliniuliza kama nimetuma, nikasema nimetuma. Akauliza alisemaje. Nikasema ameelewa. Nilikuwa nimetoka kubandika vitabu vya watu wote kwa sababu ya uongo, gundi bado vidoleni, nikadanganya tena. Ninayakumbuka haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado uso unanichoma.

Miaka ilikwenda. Nilipata kazi ya kudumu, nikawa mkuu wa jiko lilelile, nikaolewa, nikahamia huku. Sanna alikuja kila kiangazi kwa bibi yake, akakua, akapata wanawe. Jambo lile hawakulizungumza, nilikuja kujua. Mama Marta alidhani mjukuu anaujua ukweli na unamuuma, akamwachia. Sanna alidhani ni kumbukumbu tamu ya bibi, akamwachia mwenyewe. Walisitiriana, na mimi niliyekuwa katikati nikanyamaza. Mara nyingi nilikaa nao meza moja tukila, nikijisemea leo, leo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, lakini amani sikuzaa.

Jumamosi baada ya ule ujumbe nilipanda treni mpaka Vårby gård. Sanna alikuwa anafunga vyombo vya bibi yake kwenye magazeti, mikono ya sweta ameikunja, mrefu kuliko hata alivyokuwa Mama Marta. Alifurahi kuniona. Alikuwa ameweka kitabu mezani ili tunukuu maneno yaleyale. Sikukaa hata kidogo nikijizungusha, maana nilijijua. Nilimpa ule ukurasa, nimehama nao nyumba nne. Kiswahili chake cha kusoma ni cha polepole, midomo inatembea. Alisoma, akarudia, akarudia tena. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi, hata ile kadi yake, hata nilivyomjibu bibi yake.

Aliulaza ukurasa mezani, juu ya kitabu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Bura alikuwa mtu?" Siku zote alidhani mpishi wa kitabuni amepewa tu jina la ukoo wa bibi, la upande wa mama yake. Nikamwambia alikuwa mtu. Akaniuliza alikuwaje, na kwa bahati Mama Marta alikuwa amenisimulia mengi tulipokuwa tunabandika. Nikamwambia alikuwa mfupi, alikuwa anaimba anapopondaponda karanga, alikuwa anaogopa farasi, na alitembea siku mbili kumpeleka mtoto shule. Machozi yalimtoka yakidondoka kwenye magazeti. Nilidhani atanikumbatia. Hakunikumbatia.

"Umeniacha nimpende mtu ambaye siye," alisema. "Nimewasomea na wanangu."

Ningeweza kusema ulikuwa na miaka tisa. Ningeweza kusema kadi yako ilinivunja moyo. Yote ni kweli, na yote ni kujifunika tena. Nilisema ndiyo, nimefanya hivyo, nisamehe. Akasema atajaribu, ila si leo. Kisha akauvuta ule ukurasa upande wake wa meza, akasema wasifu atausoma mwenyewe. Nilikubali. Iliniuma, siwezi kukataa, kwa kuwa jumuiya nzima ilikwishajua kwamba msomaji ni mimi. Tukaendelea kufunga vyombo mpaka kabati likaisha.

Siku ya maziko nilikaa mstari wa tatu, karibu na Njeri ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Kanisa lilikuwa na watu wa kila upande, Waswidi wa jengo lile, wauguzi, Waswahili wote waliokuwa watoto wa Jumamosi wakiwa na mvi zao za kwanza. Njeri alininong'oneza kwa nini sijasimama. Nikamwambia mwenye kusimama amesimama. Sanna alipanda mbele na karatasi, watoto wake wawili wakiwa mkono huu na huu. Kiswidi angesoma kwa raha, lakini alianza kwa Kiswahili, akijikwaa, akipumua kila baada ya maneno matatu, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa alionekana hataki.

"Bibi yangu ni Marta Bura," alisoma. "Baba yake alikuwa mpishi. Watu walimwuliza, huyu mtoto ni wako? Walikuwa wanamcheka. Yeye alisema ndiyo."